Mwaka Niliomdakia Lo

Mwezi uliopita dada yake Lo alifunga duka lake la chakula pale Northfield. Aliuza majiko, akauza friji, akateremsha kibao cha bei kilichokaa juu ya kaunta miaka yote hiyo, na kabla hajakabidhi funguo akatualika tule kwa mara ya mwisho kwenye meza ya nyuma, ile ambayo wateja hawakuwahi kuiona. Lo mwenyewe alikuwa amekuja kutoka Taiwan kumsaidia kufungasha. Kwenye simu tunaonana, lakini ana kwa ana tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na sita. Amenenepa, nywele zimerudi nyuma, na mkono wake wa kulia bado haunyooki kabisa. Nilikitazama kiwiko chake kabla sijautazama uso wake, maana ndiyo kazi yangu siku hizi, mikono ya watu. Alinisalimu kwa Kiswahili cha Kongo alichofundishwa na Mama Furaha, mwenye nyumba wetu wa zamani, "Jambo, Mwaju, uko na njala?", tukacheka, kisha nikamshika bega, kwa sababu Mama Furaha tulimzika msimu wa baridi uliopita na Lo hakuweza kuja. Binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alisubiri Lo aingie jikoni, akaniinamia. "Mum, was he actually famous?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa maarufu. Uwanja mzima uliimba jina lake kwa tarumbeta na ngoma. Na kulikuwa na mwaka mmoja ambao mtu pekee duniani aliyekuwa akidaka mpira wake nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilifanya kazi kwenye sehemu ya kufulia mashuka ya hospitali, shifti ya saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na nilipanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya Mama Furaha pale Bordesley Green. Nyumba ilikuwa nyembamba, imebanwa katikati ya nyingine kama kitabu kwenye rafu, na ngazi zake zilikuwa kali kiasi kwamba ulipokuwa unapanda ulishika kidato cha mbele kwa mkono. Mama Furaha alitoka Uvira, alikuwa mjane, mwenye sauti ya kanisani hata anapoomba chumvi. Wiki ya kwanza kila asubuhi nilimwambia "Shikamoo, Mama," kama tulivyolelewa Tanga, naye alinijibu "Jambo sana," mpaka nilipomfundisha kwamba jibu ni "Marahaba." Tangu hapo akaipenda mno, akawa anawajibu "Marahaba" hata watu waliomsalimu kwa Kiingereza. Jikoni kulikuwa na meza moja, viti vinne visivyofanana, na harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, ambayo haikutoka kwenye mapazia hata yakifuliwa.

Lo alikuja Januari, na begi moja na ndoo ya plastiki. Dada yake alimtafutia chumba kwetu kwa sababu juu ya duka lake hapakuwa na nafasi. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mrefu, kimya, anatoka saa nne asubuhi kwenda kukaanga wali na tambi Northfield na kurudi akinuka mafuta. Wiki ya pili, siku ya mapumziko ya Lo, Mama Furaha alinivuta kando mara tu nilipofika kutoka kazini. "Mwaju, huyu mwanaume eko anacheza na muchele!" Nikamuuliza anachezaje na mchele. "Ameujaza mu ndoo, anatia mukono ndani mpaka hapa, anafinya, anatoa, anafinya. Minamuuliza atapika saa ngapi, ananiambia hapana, Mama, hii si ya kupika." Nilipanda ngazi nikagonga mlango. Lo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa kulia umezama kwenye mchele mkavu, anafungua na kufunga vidole humo ndani kama anayekanda unga. Kiwiko kilikuwa na kovu refu jekundu, lenye alama za nyuzi pande zote mbili. Aliniona nikilitazama. "Kazi," alisema kwa Kiingereza chake kifupi, na akaendelea kufinya.

Hatukujua ni kazi gani mpaka Machi. Nilikuwa naosha vyombo, Mama Furaha anatafuta kitu kwenye rafu ya juu, na mtungi wa karanga ukateleza. Sikuuona. Niliusikia ukikwaruza mbao, nikanyoosha mkono wa kushoto nyuma ya bega na ukatua kiganjani, mimi bado natazama sinki. Kwangu halikuwa jambo la ajabu. Shuleni nilikuwa mlinzi wa goli wa timu ya netiboli, na mwalimu wetu alikuwa akitusimamisha tumeupa uwanja mgongo, anarusha, tunageuka na kudaka. Lakini Lo, aliyekuwa mezani anakula, aliweka vijiti vyake chini taratibu sana. Akapanda juu, akarudi na glovu mbili za ngozi na mpira mdogo mweupe wa besiboli, wenye mshono mwekundu. Kumbe wakati ule, sisi tukiwa hatupo, alikuwa akirusha mpira kwenye godoro alilolisimamisha uani, na jirani alikuwa ameshakuja mara mbili kulalamikia kishindo. Aliniwekea glovu mbele yangu, juu ya povu la sabuni.

"Tafadhali," alisema. "Dakika kumi."

Zilikuwa dakika kumi kwa siku mbili, kisha nusu saa kila siku nilipotoka kazini na yeye kupata mapumziko, au asubuhi za siku nisizokuwa na shifti. Tulipanda basi mpaka Hodge Hill, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba za ghorofa moja zilizoungana mbili mbili, kwa sababu pale palikuwa tambarare na watu hawakutusumbua. Wazee waliokuja kucheza kriketi kwenye kona nyingine walitutazama siku ya kwanza wakitikisa vichwa. Mmoja akamsogelea Lo, akamwambia kwa heshima kabisa kwamba anakunja kiwiko na kwenye kriketi hilo haliruhusiwi. Lo alimwinamia, akasema asante, akarudi kukunja kiwiko. Mimi nilichuchumaa na glovu mbele ya kifua, nguo mbili nzito chini ya koti na mtandio nimeuchomeka ndani. Kila nilipodaka nilipiga kelele "Tena!", na Lo akawa anacheka kwa sababu kwa lugha yao, alisema, hakuna neno fupi tamu kama hilo. Mpira ule ni mgumu kama jiwe. Unakuja na mlio, kama mtu anapasua kitambaa. Kwa wiki tatu kiganja changu kilikuwa cha rangi ya zambarau, na kazini nilikunja mashuka kwa ncha za vidole. Lakini niseme ukweli: nilikuwa mzuri. Nilijua hivyo siku ya kwanza, na wala sikujifanya sijui.

Habari zake nilizipata kidogo kidogo, juu ya chakula. Alikuwa akirudi na mayai aliyoyapika kwa mchuzi wa soya mpaka yakawa ya kahawia, na wali alionikaangia kwenye kikaango kipya alichonunua kwa pesa yake, akakifunga utepe wa kijani mpinini na kutuambia sote kwamba humo nyama ya nguruwe haiingii, hata kwa bahati mbaya. Alikulia pwani ya mashariki ya kisiwa chao, mahali ambapo, kwa maneno yake, mtoto anapewa glovu kabla hajapewa viatu. Timu ya shule ikamchukua, kisha timu ya kulipwa, na huko wakampa kazi moja tu. Mchezo ukiwa umebaki sehemu ya mwisho, timu yake iko mbele kwa pointi moja au mbili, yeye ndiye aliyeingia kuufunga. Wapigaji watatu watolewe, watu waende nyumbani. Aliufunga kwa mpira mmoja ambao hakuna aliyeweza kuuzoea: ulikuja kwa kasi usawa wa kiuno cha mpigaji, na ukimkaribia ukaanguka ghafla, kama mtu aliyekosa kidato kwenye ngazi. Kwa miaka saba mpira ule ulimpa nyumba, jina, na picha yake kwenye chupa za chai. Kisha jioni moja akasikia kitu kimelia ndani ya kiwiko. Madaktari walichukua kano kutoka kwenye kifundo cha mkono wake mwingine wakafunga nayo kiwiko, na mchele wa ndoo ulikuwa zoezi la kuurudishia mkono nguvu. Timu ilimngoja mwaka mzima, halafu ikampa mkono wa kwaheri. Sasa kulikuwa na kocha mmoja wa timu nyingine, rafiki yake wa zamani, aliyemwambia hivi: vijana wa kurusha mpira ulionyooka ninao tele. Njoo Januari ijayo tukujaribu, lakini njoo na ule unaoanguka.

Mama Furaha alisikiliza habari yote ile akichambua maharage. "Na sasa ule unaoanguka uko wapi?" aliuliza.

Lo akatazama kiwiko chake. "Bado," alisema.

Siku moja ya Juni, mpira ulionyooka, wa kawaida kabisa, uligonga ukingo wa glovu ukaruka na kunivunja kidole kidogo cha mkono wa kulia. Nilikitazama kikiwa kimeelekea upande wake chenyewe, na nakumbuka wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimechelewa nusu sekunde na kosa ni langu. Lo alikimbia kutoka alikokuwa amesimama. Alikuwa mweupe kama karatasi. Kwenye basi alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili njia nzima, akirudia neno moja la kwao, na hakuacha hata tulipofika hospitali.

Kule ndiko maisha yangu yalikogeukia, ingawa siku ile niliona tu kwamba nimepata usumbufu. Baada ya picha na kidole kurudishwa mahali pake, walinipangia kwenda kliniki ya mikono kila wiki. Aliyenihudumia alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani kwenye kamba. Alilowesha kipande cha plastiki kwenye maji ya moto mpaka kikalainika kama chapati, akakizungusha kwenye kidole changu, akakishikilia kwa vidole vyake mpaka kikapoa, na kikawa kimenikaa sawasawa, cha kwangu peke yangu. Nilikuwa nimefua mashuka ya jengo hilohilo kwa miaka mitatu na sikujua kwamba humo kuna mtu anayelipwa kufanya jambo zuri namna ile. Nikamuuliza amesomea wapi. Alidhani nauliza kwa adabu tu, akanijibu kwa kifupi. Wiki iliyofuata nikamuuliza tena, na safari hii nilikuwa na kalamu.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Jioni moja nilikuwa nashuka ngazi nikasikia sauti jikoni, nikakaa kwenye kidato cha nne. Lo alikuwa akimwambia Mama Furaha kwamba ataacha. Dada yake amempa nafasi ya kuwa mshirika kwenye duka, Northfield ni pazuri, watu wanapenda tambi zake. "Mwajuma anaishi kwa mikono yake," alisema. "Mimi naivunja. Kwa ajili ya nini? Mchezo." Nikasikia kisu kikikata kitunguu. Mama Furaha alikuwa anazungumza naye Kiingereza kile alichokijenga mwenyewe, lakini neno la maana alilisema kwa Kiswahili, kisha akalitafsiri polepole ili lisipotee. "Papa Lo, hii ni huruma ao ni woga? Sababu inafanana, lakini si kitu moja."

Agosti plastiki ilitolewa, nikafunga kidole changu kwenye mwenzake kwa utepe wa hospitali na nikamwambia Lo twende Hodge Hill. Alikubali kwa shida. Alianza kurusha, nami nikadaka, na kufika mpira wa kumi nilikuwa nimeshaelewa. Alikuwa ananirushia kama mtu anavyomrushia mtoto wa dada yake. Mpira ulikuja katikati ya glovu kila mara, mwepesi, bila ule mlio wa kupasua kitambaa. Nilisimama, nikavua glovu, nikaiweka kwenye nyasi na nikaondoka kwenda kituo cha basi. Hakunifuata. Kwa siku tisa tulipishana jikoni kama watu wa nyumba mbili tofauti. Aliacha mayai kwenye friji, yamewekewa karatasi yenye jina langu, nikaacha kuyala, jambo lililonigharimu mimi zaidi kuliko yeye.

Siku ya kumi Mama Furaha alipika fufu, ugali wa muhogo, na samaki, akatuita wote wawili kwa sauti ambayo huwezi kuikataa, akaketi kati yetu.

"Kwa nini uliacha?" Lo aliniuliza, akitazama sahani.

"Kwa sababu wewe umeacha kwanza."

"Nilikuvunja kidole."

"Kidole ni changu. Nimekipeleka hospitali, wamekiunga, nimekirudisha kazini. Sijakulalamikia hata siku moja. Wewe ndiye unayekitumia kama kisingizio."

"Sijakitumia."

"Unakitumia. Umerusha tangu Machi, na ule mpira unaoanguka hujaurusha hata mmoja. Machi nilikuwa nina vidole kumi vizima, Lo. Aprili pia."

Akaweka kijiko chini. Uso wake ulibadilika, nikadhani atanyanyuka na kuondoka, na kama angeondoka nadhani angekuwa Northfield mpaka leo, anakaanga tambi. Badala yake alisema, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo: "Nikiurusha, kinaweza kukatika tena. Kikikatika tena, hakuna kano nyingine. Nisipourusha, sitajua. Hapa naweza kuishi nikiwa sijui."

Hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Nami, niliyekuwa na hotuba nzima kichwani, nikaimeza, kwa sababu ndani ya sanduku langu kulikuwa na fomu ya chuo, ya kusomea kazi ya yule mama wa kliniki, ambayo nilikuwa nimeijaza na kuiacha pale kwa wiki tano. Nikapanda juu, nikaileta, nikaiweka mezani karibu na samaki. Nikamwambia nami naishi nikiwa sijui. Mama Furaha aliichukua, akaigeuza pande zote, ingawa Kiingereza cha kusoma hakukijua. "Bien, vizuri," alisema. "Hii kesho inaenda posta. Na weye, Papa Lo, kesho unarusha. Sasa mukule, inapoa."

Kesho yake nilipitia posta kwanza, kisha tukapanda basi. Lo alijipasha moto kwa muda mrefu kuliko siku zote. Alinionyesha kwa ishara: huu sasa. Nikaona mkono wake ukipita sikioni, nikaona mpira ukija usawa wa kiuno, nikaweka glovu pale, na mpira haukuwapo. Ulinigonga kwenye mfupa wa mguu. Nilianguka chali kwenye nyasi nikicheka na kulia kwa maumivu vyote pamoja, na nilipoinua kichwa nilimwona Lo amesimama, ameshika kiwiko chake, hasogei. Alikuwa anasikiliza. Alikikunja, akakinyoosha kadiri kinavyonyooka, akakikunja tena. "Hakijasema kitu," alisema. Wazee wa kriketi walikuwa wameacha mchezo wao, wamesimama mstari mmoja, na yule wa siku ya kwanza alikuwa anapiga makofi.

Nilijifunza kuudaka ule mpira kwa wiki sita. Siri yake ni kuacha kuyaamini macho. Ukiutazama unavyokuja utaukosa. Lazima utazame vidole vinavyouachia, uweke glovu chini mahali ambapo bado hakuna kitu, na ungoje. Kufika Desemba, kwenye ubaridi wa kupasua midomo, nilikuwa siukosi. Januari tulimsindikiza uwanja wa ndege, Mama Furaha akamwombea mbele ya watu wote kwa sauti yake ileile, na mwezi uliofuata tukapata ujumbe mfupi: timu imemchukua kwa msimu mmoja. Mmoja ukawa mitatu. Siku hizi anafundisha watoto wa shule kurusha, kule kwao mashariki. Lakini hayo yalikuja baadaye, na siku ninayoikumbuka mimi ni siku moja ya Aprili ile.

Kule kwao ilikuwa usiku, kwetu ilikuwa saa nane mchana. Niliomba ruhusa kazini kwa sababu saa kumi nilikuwa na usaili chuoni. Nilikuwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi na nimeweka kompyuta ya mkononi juu ya meza ya jikoni, picha inaganda na kuachia, Mama Furaha nyuma yangu na mwiko mkononi. Timu ya Lo ilikuwa mbele kwa pointi moja, sehemu ya mwisho. Mlango wa pembeni ukafunguliwa na yeye akatoka, anakimbia polepole, na zile tarumbeta tulizosimuliwa zikaanza. Mama Furaha alisema jina la Yesu mara mbili. Mpigaji wa kwanza akatoka. Wa pili akatoka. Wa tatu alikuwa mkubwa kama kabati. Lo alikunja mkono, nikaona vidole, nikajua ni upi kabla haujaondoka. Ulifika kiunoni, ukaanguka. Yule kabati alipiga hewa mpaka kofia ikamvuka. Na mdakaji wa timu ya Lo, mtu wa kulipwa, mwenye vazi la chuma usoni na ngao kifuani, naye akaukosa. Ulimpita kati ya miguu ukabingirika mpaka ukutani, akaukimbilia huku uwanja mzima ukicheka.

Mama Furaha aligonga meza kwa mwiko. "Mwaju! Weye ungelidaka hiyo!"

"Ningeidaka, Mama," nilisema.

Lo alirusha mara mbili zaidi, yule kabati akakosa zote mbili, na mchezo ukaisha. Sikungoja wamalize kupongezana. Nilichukua mkoba, nikapanda basi kwenda mjini, na saa kumi kamili niliketi mbele ya watu watatu. Aliyekuwa katikati alipitia fomu yangu, akaniuliza kwa upole ni nini kinachomfanya mfanyakazi wa kufua mashuka adhani anaweza kutibu mikono ya watu. Nilikuwa nimeandaa jibu, nimelikariri kwa siku tatu. Nikaliacha. Nikawaambia kwamba mchana huu nimemwona mdakaji wa kulipwa, upande wa pili wa dunia, akikosa mpira ambao mimi niliudaka kila siku Hodge Hill, na kwamba wakinipa dakika kumi nitawaeleza ni kwa nini. Wakatazamana. Nikaanza na vidole vinavyouachia mpira, na hakuna aliyenikatiza.